Nisomeje afua za pombe na dawa za kulevya ili niweze kusaidia watu kweli?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, shahada ya ustawi wa jamii, hapa Dar es Salaam. Muhula ujao naanza somo la afua, yaani hatua za kuwasaidia watu, kwa wenye matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Waliotutangulia wanasema ukikariri nadharia za uraibu na hatua za mabadiliko umeshafaulu. Mimi sitaki kufaulu tu. Kaka yangu alivuta unga miaka mingi, sasa anakunywa methadoni kila siku. Nyumbani wanasema ametoka kwenye ulevi mmoja akaingia mwingine, nami sijui niwajibu nini. Nisomeje somo hili? Na je, mtu mwenye ndugu mraibu anafaa kuwa mshauri wa waraibu?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na la kaka yako, maana ukilielewa hilo utakuwa umeshajua namna ya kusoma sehemu kubwa ya yaliyobaki.

Heroini, yaani ule unga aliovuta kaka yako, haikai sana mwilini. Anayeitumia kila siku huanza kusikia arosto kabla siku haijaisha: makamasi, machozi, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Basi siku yake nzima inakwenda katika kutafuta kete inayofuata, na mengi tunayoyaita tabia ya mateja, wizi mdogo, uongo, kutooga, yanatokana na mbio hizo. Methadoni nayo ni opioidi, dawa ya jamii moja na heroini, na inashika vipokezi vilevile vya ubongo, lakini inapanda polepole na kushuka polepole. Kwa mtu aliyeizoea, baada ya saa 24 hadi 36 hivi nusu ya dozi huwa ingali mwilini. Akinywa leo asubuhi mbele ya mfamasia, na kama dozi imepangwa sawasawa, anafika kesho asubuhi bila arosto na bila kulewa. Hapo katikati anapata muda wa kula, kulala, kufanya kibarua, kumeza dawa za VVU au za kifua kikuu kwa wakati, na kukaa na mama yake bila kumwibia.

Sasa, familia yako ina hoja moja ya kweli, na usiwafiche: mwili wa kaka yako unaitegemea methadoni. Akiikosa ghafla ataumwa. Ila kutegemewa na mwili ni jambo moja, na uraibu ni jambo lingine. Mraibu anaendelea kutumia huku akiona inamharibia, na hawezi kujizuia. Muulize mama: tangu ameanza kliniki, anaiba? Anajidunga? Analala nyumbani? Majibu hayo yatamwambia zaidi ya jina la dawa. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya kwanza ya tiba hii New York mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, Muhimbili ikaanza kuitoa Februari 2011, na hospitali ya Mathari ya Nairobi Desemba 2014. Si jaribio la jana.

Umeona nilivyoijadili? Sikuanza na nadharia ya uraibu. Nimeuliza afua hii inabadilisha nini hasa katika mwili na katika siku ya mtu, inamfaa nani, na ikikatishwa kinatokea nini. Fanya hivyo kwa kila afua utakayofundishwa. Swali la tatu ndilo wanafunzi wanaliruka, nalo ndilo linalookoa watu. Mtu aliyekaa kwenye methadoni, au aliyekaa gerezani au soba hausi (nyumba ya kupatia nafuu) bila kutumia, anapoteza uzoefu wa mwili wake kwa heroini. Akirudi maskani, kijiwe cha watumiaji, akavuta au kujidunga kiasi kilekile cha zamani, pumzi zinaweza kukatika. Wiki za kwanza baada ya kutoka kwenye matibabu au gerezani ni za hatari kubwa ya kifo. Kwa hiyo ndugu wanaomhimiza kaka yako apunguze haraka ili "awe safi" wanamsukuma mahali pabaya bila kujua. Dozi ya kudumu inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kawaida ni kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Waliowekewa dozi ndogo kwa huruma isiyo na msingi, wakabaki na arosto ya kila alfajiri, huacha kliniki kwa urahisi zaidi.

Kuna jambo jingine hapohapo. Rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, inaharakisha ini kuivunja methadoni. Mtu anaanza dawa za TB, baada ya siku kadhaa anatokwa na jasho na kuumwa mifupa, anadhani methadoni imechakachuliwa, anarudi kwenye unga. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, nazo zina tabia hiyo. Utaniambia hayo ni ya daktari. Ni yako pia, kwa sababu mgonjwa hatamwambia daktari kwanza. Atakuambia wewe uliyekaa naye kwenye benchi: "Dada, hii dawa siku hizi hainishiki." Ukijua unachokisikia, utampeleka kuongezewa dozi siku hiyohiyo. Usipojua, utaandika kwenye faili kwamba ameteleza kwa kukosa nia.

Hivyo basi, kabla ya nadharia yoyote, jifunze kinachoua. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu katika mitaala mingi ya ustawi wa jamii na saikolojia naona mada hii hupewa nafasi ndogo. Arosto ya heroini inatesa sana, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra kuua. Ya pombe inaua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 tangu alipoacha. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ukutani, kupandwa na homa na mapigo ya moyo kwenda mbio. Na hapo ndipo utakapokutana na mazoea yetu: familia inamfungia baba chumbani "mpaka imtoke", au inampeleka kwenye maombi ya siku kadhaa ya kufunga kula na kunywa. Nia yao ni upendo. Kazi yako ni kuwaambia, kwa heshima, kwamba mikono ikitetemeka asubuhi na anatulia akipata pombe, huyo aachishwe hospitalini, ambako atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa mpangilio na vitamini B1, nayo vitamini hiyo itangulie kabla ya dripu ya glukosi. Maombi yanaweza kufuata.

Vivyo hivyo matangazo ya "dawa ya kumwachisha mlevi bila yeye kujua", unga wa kutia kwenye mboga. Huwezi kujua una nini. Kama ni disulfiramu, inazuia mwili kumaliza kuisaga pombe, na akinywa uso unawaka, anatapika, presha inaweza kushuka vibaya. Disulfiramu ni dawa halali, na inawasaidia baadhi ya watu waliokubali kuinywa wakijua. Kumpa mtu kwa siri ni kumtia sumu, hata kama anayempa ni mke aliyechoka kupigwa. Ukikutana na mke huyo, anza na kipigo na usalama wake, halafu ndiyo uzungumzie huo unga wa mboga.

Nikiondoka kwenye vifo, kuna watu ambao wanafunzi wengi hawawaoni kabisa. Mnapoingia darasani mnawaza mateja wa maskani na walevi wa kulala mtaroni. Hao wapo na wanahitaji msaada, lakini madhara mengi ya pombe katika nchi yanatoka kwa watu wanaokwenda kazini: dereva wa bodaboda, mwalimu, fundi, mzazi anayemaliza mshahara Ijumaa. Hawajioni kuwa na tatizo na hawatakuja kwenye kliniki ya uraibu. Kwa hao kuna dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, alama 0 hadi 40. Nafurahi kuwaambia wanafunzi kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 ambamo dodoso hilo lilitengenezwa, pamoja na Norwei, Australia, Bulgaria, Meksiko na Marekani. Alama 8 na kuendelea zinaonyesha unywaji wa hatari. Kuanzia 20 unafikiria utegemezi na kumpeleka mtu kwa uchunguzi kamili.

Lijaze kwanza na watu wako wa karibu, kwa ridhaa yao, uone linavyokwama. Litakwama kwenye kipimo. "Kinywaji kimoja" cha dodoso ni gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20. Basi anayesema "nilikunywa tatu tu" amekunywa vinywaji sita, na swali la tatu la dodoso linauliza hasa ni mara ngapi umekunywa sita au zaidi kwa mkupuo. Sasa hesabu mbege kwenye kata, mnazi kwenye kopo, na gongo ambayo haina lebo na ukali wake unategemea aliyeipika. Mwanafunzi anayeweza kukaa na mama muuza mbege Rombo akapata makadirio ya kweli amejifunza kitu ambacho kitabu kutoka Ulaya hakitampa.

Baada ya dodoso, unafanya nini? Hapa kuna utafiti mmoja ambao ningependa uusome wote, hata kama ni wa zamani. Mwaka 1977 Griffith Edwards na wenzake wa London walichapisha matokeo ya wanaume 100 wenye ndoa waliokuwa na tatizo la pombe. Nusu walipewa matibabu kamili yaliyokuwapo wakati ule, nusu wengine walipewa kikao kimoja cha ushauri wakiwa na wake zao. Baada ya mwaka mmoja, makundi mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote. Usikimbilie kusema kwamba matibabu hayana kazi. Wanaume wale walikuwa na wake, na wote walikuwa wamechunguzwa kwa makini kabla ya kugawanywa, na kuchunguzwa vile kwenyewe ni afua. Jiulize lingekuwaje kwa mtu asiye na mke wala kazi, anayelala kijiweni. Utafiti huu ndio ulioipa nguvu hoja ya ushauri mfupi. Kwetu, hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikiujaribu ushauri wa namna hiyo kwa majeruhi wanaofika na ajali, chini ya jina la Kiswahili kabisa: Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mtu aliyevunjika mguu akitoka baa yuko tayari kusikia kwa namna ambayo wiki iliyopita hakuwa tayari.

Kuhusu hatua za mabadiliko ambazo wenzako wanakuambia ukariri, yaani ngazi anazodhaniwa kupita mtu tangu asipowaza kuacha hadi anapoacha na kudumu: zikariri, zitakuja kwenye mtihani. Prochaska na DiClemente walizitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na zina faida moja kubwa, kwamba zilituzoesha kukubali kuwa mtu anaweza asiwe tayari leo. Lakini kumweka mtu kwenye hatua ya pili au ya tatu hakukusaidii sana kutabiri atafanya nini, na watu wengi huacha kwa ghafla bila kupita huko kote. Sipendi kuona mwanafunzi anaandika "mteja yuko kwenye hatua ya kutafakari" kisha anafunga faili, kana kwamba kazi imekwisha.

Muda wako mwingi uupeleke kwenye mazungumzo. Mmarekani William Miller alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu mahojiano ya kuamsha ari, mazungumzo yanayomsaidia mtu kutaja mwenyewe sababu zake za kubadilika, mwaka 1983. Kabla ya hapo, katika utafiti wake wa mwaka 1980, yeye na wenzake walikuta kwamba watu waliofundishwa kujizuia pombe walifanikiwa zaidi pale mshauri wao alipokuwa msikivu mwenye kuhisi hali yao, ingawa washauri wote walitumia mbinu moja. Baadaye, Marekani, mradi mkubwa ulioitwa MATCH uligawa watu 1,726 katika tiba tatu tofauti: moja ya kuwaunganisha na hatua 12 za vikundi vya walevi wanaopata nafuu, moja ya kubadili fikra na tabia, na moja ya vikao vinne tu vya kuamsha ari. Matokeo makuu yalitoka mwaka 1997, na tiba zote tatu zilikaribiana. Ukiunganisha tafiti hizi utaelewa kwa nini nabishana na wanaofundisha somo hili kama orodha ya mbinu zinazoshindana. Anayeitumia mbinu na namna anavyomkabili mtu ni sehemu ya dawa yenyewe.

Na hili halisomwi kwa kusoma. Linasomwa kwa kurekodi sauti yako, kwa ridhaa ya unayezungumza naye, kisha kusikiliza na kuhesabu: nimeuliza maswali mangapi ya ndiyo au hapana? Nimeonya mara ngapi? Nimerudia maneno yake mwenyewe mara ngapi? Wengi wetu tumelelewa kwa kuonywa, nasi tukipewa nafasi tunaonya. "Unajua pombe itakuua?" Anajua. Amezika wenzake. Jaribu "Siku usiyokunywa huwaje?" halafu nyamaza, hata kama kimya kinakukera.

Kuna ugumu mmoja ambao vitabu vya Miller haviuoni. Wewe ni binti wa chuo, na mbele yako ameketi mzee wa rika la baba yako. Ukimwuliza moja kwa moja anakunywa chupa ngapi, umemvunjia heshima, na atakudanganya ili aihifadhi. Omba ruhusa: "Shikamoo mzee. Naomba, ukiniruhusu, nikuulize kidogo kuhusu vinywaji, maana daktari anahitaji kujua kabla ya dawa." Bahati njema, kuomba ruhusa ndiyo mbinu yenyewe inayofundishwa. Adabu yako ya nyumbani imekutangulia darasani, itumie bila kuona haya.

Usiache mtu yeyote akuambie kwamba mbinu hizi ni za wazungu na kwetu hazifanyi kazi mpaka zijaribiwe. Zimejaribiwa. Eldoret, Kenya, watafiti walichukua tiba ya kubadili fikra na tabia, wakaitengeneza kwa vikao sita vya kikundi kwa Kiswahili, wakawafundisha washauri wasio wanasaikolojia kuiendesha kwa watu wanaoishi na VVU wanaokunywa pombe. Katika jaribio lao kubwa lenye watu 614, lililochapishwa mwaka 2021, waliopata tiba hiyo walipunguza kunywa zaidi ya wale waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla. Soma walivyoibadilisha, lugha na mifano yao. Hiyo ndiyo tasnifu nzuri ya kuiga.

Soba hausi, ambazo Zanzibar hasa zimekuwa tegemeo la familia nyingi, zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na waliokwisha kupata nafuu, wakifuata hatua 12 zilizoanzia kwa Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaopata nafuu ulioanzishwa Marekani mwaka 1935. Nguvu yake ni kwamba kijana anamwona mtu aliyekuwa maskani pamoja naye, sasa amesimama. Udhaifu wake unatofautiana nyumba kwa nyumba. Nyingine zinamfukuza anayetumia methadoni, nyingine hazina wa kutambua degedege, na karibu zote zinahitaji msaada katika ile wiki ambayo mtu anarudi mtaani kwake. Ukipelekwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, huko, angalia hasa hiyo wiki.

Jambo moja la mwisho la masomo: kuna afua ambazo hazimgusi mtu mmoja mmoja. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na pombe kali ya shilingi chache ya kuweka mfukoni ikakatazwa madukani. Bei, saa za kuuza na matangazo ni afua kamili, na kwa hesabu ya watu wanaoguswa zinashinda ushauri wowote. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii asiyejua Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 hataweza hata kumweleza mteja wake tofauti ya kukamatwa na kupelekwa tiba.

Umeuliza kama ndugu wa mraibu anafaa kuwa mshauri. Anafaa. Ila kwa kaka yako ubaki dada. Usimfanyie mazoezi ya mahojiano, usimwulize dozi yake kila jioni, usiandike kisa chake kwenye kazi ya darasa hata kwa jina la kubuni, maana wanaokujua watamjua. Na utakapokutana na mteja anayemwibia mama yake kama kaka yako alivyomwibia mama yenu, hasira itakuja. Ikija, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo. Mshauri asiye na msimamizi wa kumsikiliza hachukui muda kuchakaa, awe na ndugu mraibu au asiwe naye.

Kwa ajili ya fildi, peleka barua ya chuo mapema kwenye kliniki yenye methadoni: Muhimbili, Mwananyamala au Temeke kwa Dar es Salaam, au Itega ukiwa Dodoma. Omba upangwe asubuhi, dirisha la dozi linapofunguliwa, kwa sababu wateja wengi huwa hapo wakati huo na wengi huondoka mapema kutafuta riziki. Omba pia uandamane na waelimishaji rika wanapokwenda maskani, na ukifika huko usivae sare wala kubeba daftari mkononi. Kaa, salimia, ulizia habari za watoto wao. Maswali ya somo yaache hadi watakapokuzoea.